Turubai Lililokwisha Kulipiwa

Leo sina sauti ya kupaza, kwa hiyo nyie wa nyuma sogeeni mbele au mtege masikio. Tangu mwaka huu uanze nimesimama makaburini mara kumi na moja. Jana nilipotoka kumzika yule mama wa kule bondeni, nilikaa kizingitini na viatu vyangu vyenye udongo, mke wangu akaniletea chai, ikapoa naiangalia tu. Kamati imenipangia nizungumze juu ya matumizi ya fedha katika familia. Sawa, nitazungumza. Ila msitegemee kutoka hapa mmechangamka, maana mimi mwenyewe sijachangamka.

Nitawapa mfano. Huyu mtu msimtafute mtaani, nimemtunga. Lakini nimemtunga kwa kuwatazama ninyi na kwa kujitazama mimi, kwa hiyo ukisikia kitu ukamkumbuka jirani yako, usigeuze shingo. Tulia hivyo hivyo.

Kulikuwa na fundi makochi mmoja. Alikuwa na kibanda chake pembeni mwa soko, anabadilisha vitambaa vilivyochakaa, anatia sponji mpya, anagongelea misumari. Mke wake aliuza vitumbua asubuhi mbele ya nyumba. Walikuwa na watoto wawili, mkubwa anaitwa Shukuru, na mtaani watu wakawaita Baba Shukuru na Mama Shukuru. Watu wa kawaida kabisa. Hawakuwa na anasa, hawakuwa na ugomvi na mtu, na Jumapili walikaa benchi la tatu kutoka mbele, upande wa dirisha.

Mwaka mmoja kazi zikapungua. Watu wakaanza kununua makochi mapya yanayoletwa na malori, ya zamani wakayatupa nyuma ya nyumba kuku wakatagia humo. Fundi akawa anashinda kibandani anafukuza nzi. Basi Jumamosi moja mchana, baada ya kula, yeye na mkewe wakachukua daftari la Shukuru la shule, wakafungua ukurasa wa nyuma, wakaandika kila kitu kinachokula pesa ndani ya nyumba ile.

Hapo sina la kuwalaumu. Ni nyumba ngapi humu ndani ambamo mke na mume wamewahi kukaa meza moja wakaandika pamoja, bila kufichana mshahara, bila kufichana mchezo wa pesa? Nyosheni mikono. Haya, shusheni, nimewaona nyie wawili.

Wakaanza kubana matumizi. Mkaa waliokuwa wakinunua kwa kopo wakaanza kununua gunia zima, kwa sababu kwa kopo unalipa karibu mara mbili. Mafuta ya kupimiwa dukani wakayaacha, wakanunua dumu. Vocha ikapungua. Soda ya Jumapili ikafutwa. Sukari ikawa kijiko kimoja kwa kikombe, na baba mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitii hilo. Nyama mara mbili kwa mwezi, siku nyingine dagaa na maharage. Watoto wakanuna wiki moja, kisha wakazoea. Na huyu baba hakuwa mkono wa birika, nawaambia. Alikuwa mtu anayejua kwamba pesa haitoshi na hataki kujidanganya. Ningekuwa mwalimu wake ningempa mia kwa mia.

Wakafika chini ya ukurasa wakabakiwa na vitu viwili. Cha kwanza, kadi ya matibabu ya familia, inayolipiwa mara moja kwa mwaka. Cha pili, kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaa wao, mchango kila mwezi. Walipojumlisha, pesa ilitosha kitu kimoja tu.

Mama akauliza, "Baba Shukuru, hapa tunaacha kipi?"

"Kadi," fundi akasema.

"Kadi si ndiyo ya hospitali?"

"Ndiyo. Lakini hebu niambie, mwaka jana tuliitumia mara ngapi? Mara moja, Shukuru alipopata malaria. Pesa yote ile kwa vidonge vya siku tatu. Mama Shukuru, kuugua si lazima. Kufa ni lazima."

Mnacheka. Mnacheka kwa sababu maneno haya mmeshayasikia nyumbani kwenu, na wengine ni nyie mlioyasema.

Lakini msimwone mjinga. Alikuwa na sababu yake, na ilikuwa inamuuma. Marehemu baba yake hakuwahi kuingia kikundi chochote. Alikuwa mzee wa kujitenga, misiba ya wenzake haendi, mchango hatoi. Siku alipokufa, mtaa ukawaachia wanawe wamzike wenyewe. Walikuja watu tisa. Hakuna turubai, hakuna viti, maiti iko ndani na wafiwa wamesimama juani kama watu wanaosubiri kuandikishwa kazi. Vijana wa kuchimba kaburi walilipwa, na walichimba huku wanasikiliza mpira redioni. Fundi alikuwa na miaka kumi na tisa. Tangu siku ile alijiapiza kwamba nyumbani kwake hakutatokea aibu ya namna hiyo. Kwa hiyo alipopiga mstari juu ya kadi ya matibabu, aliona ameiokoa familia yake, na mkewe akakubali.

Ikapita miezi minane. Mambo yakaenda. Mchango wa kikundi ukalipwa kila mwezi bila kukosa, na kikundi kile kilikuwa hodari. Kina maturubai mawili, viti mia na hamsini vya plastiki, masufuria ya kupikia watu mia tatu, na pesa benki. Akifa mwanachama au mke au mume wake, wanaleta turubai, viti, chakula cha siku tatu, jeneza, na bahasha ya rambirambi ya shilingi milioni moja na laki mbili. Hiyo imeandikwa kwenye katiba na kupigwa mhuri.

Mwezi wa tisa Mama Shukuru akaanza kuchoka. Anakaanga vitumbua huku amekaa. Anapanda kile kilima cha kwenda kisimani mara nne anasimama. Tumbo likaanza kujaa upande mmoja, na damu ya mwezi ikawa haikati. Nisameheni kina mama, lakini haya ndiyo yanayowaua na tunaona haya kuyataja. Akanywa maji ya matembele, akanywa rozela, kila mtu akamwelekeza majani yake. Alipozimia mbele ya jiko la vitumbua ndipo akapelekwa hospitali.

Daktari akasema ni uvimbe. Si ule mbaya, akasema, huu unatolewa na mtu anarudi nyumbani akaendelea na maisha yake. Operesheni, vipimo, damu, kitanda na dawa, laki nane na nusu. Akauliza kama wana kadi.

Mnaona sasa tunakoelekea. Fundi akakimbia kwenda kuifufua kadi. Akaambiwa alipe ya mwaka mzima, na akilipa itabidi asubiri miezi mitatu ndipo ianze kufanya kazi. Akarudi nyumbani akapigia ndugu simu. Shemeji mmoja akamwambia hali ni ngumu, hana hata senti. Dada yake akatuma elfu kumi na ujumbe wa kusema tuko pamoja. Akaenda kwa mzee wa kanisa. Kanisa likampa kilo mbili za sukari na likaweka jina la mkewe kwenye orodha ya kuombewa, kwa sababu mwezi ule tulikuwa tunachangia spika mpya. Spika zenyewe ni hizi.

Akataka kuuza cherehani yake ya kushonea vitambaa vya makochi. Mkewe akamkatalia. "Ukiuza hiyo, nikipona tutakula nini?" Na kweli, wangekula nini?

Basi likabaki jambo moja. Jumapili jioni kikundi kilikuwa na mkutano nyumbani kwa katibu. Fundi akaenda akasimama mbele yao, kofia mkononi. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Elifasi, mstaafu wa posta, mtu mwadilifu, hajawahi kula hata shilingi ya kikundi. Fundi akaeleza yote, hadi lile la damu kutokukata, mbele ya wanaume na wanawake. Kisha akasema, "Naomba mnikopeshe. Nitarudisha kidogo kidogo."

Mzee Elifasi akavua miwani. "Mwanangu, pole sana. Lakini katiba yetu inasema msiba. Ugonjwa hauna kifungu."

"Mzee, akifa si mtanipa?"

"Mungu aepushe. Ila ikitokea, tutafika."

"Basi nipeni sasa, akifa msinipe kitu."

Mama mmoja, mwanachama wa siku nyingi, akasema kwa upole, "Baba Shukuru, tukianza kutoa kwa wagonjwa, kila nyumba ina mgonjwa. Mwezi mmoja tu tumekwisha. Na wewe ukifiwa hutakuta hata kiti."

Sasa mimi nawauliza, yule mama alisema uongo? Hakusema uongo. Wale si watu wabaya. Walichanga papo hapo mifukoni, ikapatikana elfu thelathini na mbili, wakamshika mkono mmoja mmoja, wakamwambia ajipe moyo. Fundi akashukuru, akaondoka.

Nyumbani mkewe alikuwa amelala kwenye kochi la sebuleni, kwa sababu kitandani alikuwa anakosa pumzi. Akamuuliza wamesemaje. Fundi akamweleza. Mama Shukuru akacheka kidogo, kicheko kile cha mtu asiye na nguvu.

"Kumbe mimi pesa ninayo," akasema. "Tatizo ni kwamba bado niko hai."

"Mama Shukuru, maneno gani hayo mbele ya watoto?"

"Sijasema vibaya. Nakwambia ulivyo mpango wetu. Tuliupanga pamoja, mimi na wewe, pale mezani."

Fundi alikwenda nje akapasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Wakafanya kile wanachokijua. Wakabana tena. Watu waliokwisha kubana, wakabana tena. Chai ikawa ya rangi bila sukari. Dagaa wakaisha, ikabaki mboga za majani na chumvi. Shukuru akaacha kupanda gari, akawa anakwenda shule kwa miguu, kilomita sita. Fundi akawa harudi mchana kula, anasema amekula huko, na hakuwa amekula. Kila jioni kilichopatikana kinaingia kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, na mama, pale kochini, ndiye aliyekuwa anauliza limefika wapi. Likafika laki mbili. Likafika laki tatu. Uso wake ukawa mweupe hadi ndani ya midomo, na kopo likawa linajaa. Lilipofika laki nne na elfu sabini, Jumatano moja saa tatu asubuhi, akaomba maji, na kabla Shukuru hajarudi na kikombe, mama yake alikuwa ameshakwenda.

Saa sita mchana turubai lilikuwa limesimama.

Mnisikie. Saa tatu mtu amekufa, saa sita turubai limesimama. Vijana wa kikundi walikimbia, jasho linawatoka. Viti mia na hamsini vikapangwa. Masufuria yakafika kwa mkokoteni, mchele magunia mawili, maharage, ng'ombe akanunuliwa. Kina mama wakakata vitunguu wanalia, wengine vitunguu, wengine kweli. Yule shemeji asiye na hata senti alifika kesho yake na basi, nauli ya kwenda na kurudi, suti, na mke wake. Dada wa elfu kumi alikuja na kanga mpya za sare, amenunua doti nne. Watu walijaa mpaka barabarani. Wazee wakasema tangu mtaa uanze hawajaona mazishi yaliyopangika namna ile. Fundi hakuaibika. Lile alilojiapizia akiwa na miaka kumi na tisa, alilipata lote.

Baada ya kuzika, watu wamerudi nyumbani wamekaa chini ya turubai wanasubiri chakula, Mzee Elifasi akasimama. Akasoma kifungu cha katiba kama utaratibu ulivyo, akatoa bahasha, akamkabidhi mfiwa kwa mikono miwili. "Mwanangu, hiki ndicho kilichopo kikundini. Kwa niaba ya wanachama wote, pole sana."

Fundi akaipokea. Kwa kawaida mfiwa anashukuru na kuitia mfukoni, sivyo? Yeye akakaa kwenye mkeka, akaifungua. Akamwaga noti mbele yake. Watu wakatazamana. Mwingine akadhani anahakiki kama zimetimia, akaguna.

Akaanza kuzitenga mafungu, polepole, kwa vidole vyake vya gundi. Akatenga fungu la kwanza akasema, "Hii ya operesheni." Akatenga la pili. "Hii ya vipimo na damu." La tatu. "Hii ya kitanda na dawa." Akachukua noti chache. "Nauli ya kwenda na kurudi naye." Akazitazama zilizobaki mkononi, akazigeuza geuza kama mtu aliyekosea kuhesabu, akatenga tena. "Hii ya maini, daktari alisema ale maini." Halafu akamwinulia uso Mzee Elifasi, macho makavu.

"Mzee," akasema, "na nyingine imebaki."

Mzee Elifasi alibaki amesimama, katiba mkononi. Baadaye mtu mmoja kule nyuma akasema chakula kinapoa, na wali ukapakuliwa, watu wakala. Nasema watu. Niseme tu kwamba tulikula, maana hakuna humu ndani ambaye hajawahi kula wali wa namna ile.

Sasa nawageukia. Sikuleta mfano huu ili muone fundi alikosea hesabu. Alijua hesabu kuliko wengi wetu. Alikata soda, akakata sukari, akakata vitu vyote vilivyostahili kukatwa, na kwenye mstari wa mwisho akaogopa macho ya watu. Na sisi ndivyo tulivyo. Tunapanga pesa zetu kwa kuangalia wapi tutaaibika, hatuangalii nani ataumia. Kadi ya matibabu ukiikosa hakuna anayekuona. Kiti kikipungua msibani, mtaa mzima unakuona. Kwa hiyo tunamnyima mgonjwa na kumpa maiti, kisha tunasema ni mapenzi ya Mungu. Mimi mchungaji wenu nimeyasema hayo kaburini mara nyingi, na safari nyingine nilipoyasema nilikuwa najua bei ya operesheni.

Mtaniuliza tufanye nini. Mwaka juzi, mahali hapa hapa, niliwaambia vikundi vyetu viongeze kifungu cha ugonjwa, hata kidogo. Mkasema amina, sauti ikatikisa mabati. Katiba ziko vile vile. Niliwaambia pia, kabla ya kununua doti ya sare, ulizeni nyumbani kama kuna mtu amelala na maumivu. Sare zimeendelea. Kwa hiyo leo sina matumaini makubwa, nawaambia ukweli. Na sina haki ya kuwasema sana, kwa sababu kadi ya matibabu ya nyumba yangu iliisha Novemba, na mchango wangu wa kuzikwa nimelipa hadi Desemba ijayo. Mke wangu yuko pale kwenye kwaya, muulizeni.

Msiseme amina leo. Nendeni nyumbani kimya kimya, mfungue ukurasa wa nyuma wa daftari la mtoto, mwangalie mlipiga mstari juu ya nini. Na mkiwa njiani, kila mmoja amfikirie mtu mmoja wa mtaani kwake anayeumwa sasa hivi, amelala kwenye kochi kwa sababu kitandani anakosa pumzi. Unalijua jina lake. Wiki iliyopita ulisema utapita kumwona. Pesa ya kumtibu haijapatikana, lakini turubai lake tumeshalilipia.